Sekunde Ishirini za Lifti ya Pili

Sura ya Sita

Inspekta alipanda ngazi mpaka paani kwa miguu yake mwenyewe, goti la kulia likimnung'unikia kila hatua. Lifti ya pili ilikuwa imezungushiwa utepe wa polisi tangu Jumatatu. Ya kwanza ilikuwa nzima, lakini hakuna mpangaji aliyekuwa na moyo wa kuipanda, na jengo zima lilikuwa limegeuka ghafla kuwa watu wa mazoezi. Kwenye ngazi za ghorofa ya tano alimkuta mama mmoja ameketi na mfuko wa mboga mapajani, akihema. Wakasalimiana kwa macho tu, maana pumzi ya maneno hakuna aliyekuwa nayo.

Katika kichumba cha mashine, Fundi Lifti alikuwa akimngoja juu ya debe la grisi lililopinduliwa.

"Pole na ngazi, afande."

"Pole lipe hili goti. Liko wapi hilo sanduku?"

Lilikuwa sanduku la chuma la kijivu, limefungwa ukutani, lenye kioo kidogo kinachoonyesha saa. Kazi yake haikuwa kubwa: mtu akibonyeza kitufe chekundu ndani ya lifti, sanduku linaandika saa, dakika na sekunde. Inspekta alitoa simu yake akaishika kando ya kile kioo. Sekunde za simu na sekunde za sanduku zilikwenda bega kwa bega. Aliziangalia dakika tatu nzima. Hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa kukiona mara moja, na tabia hiyo ilikuwa imemchelewesha kupanda cheo zaidi ya mara moja.

"Saa ya hili dude inaweza kuchezewa?"

"Inajirekebisha yenyewe kwa mtandao. Ukiligusa, linaandika kwamba umeligusa." Fundi alijifuta mikono kwa tambara. "Halijui kupendelea mtu, afande. Mimi mwenyewe limeshaniumbua mara mbili nilipochelewa kufika."

Inspekta akakunja uso. Alikuwa amepanda ngazi zote zile akitumaini kukuta sanduku bovu, maana kama sanduku lilikuwa zima, basi Mama Pacha alikuwa mwongo.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Asubuhi ya Jumatatu, mzee mmoja wa ghorofa ya saba, mpimaji ardhi mstaafu ambaye jengo zima lilimwita Mpimaji, alikwama katika lifti ya pili kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Alikuwa na pumu, na kopo lake la dawa ya kuvuta alikuwa amelisahau juu ya meza ya chakula. Simu haikushika mtandao mle ndani. Ghorofa ya nne mafundi walikuwa wakivunja vigae kwa nyundo, kwa hiyo hata kama alipiga kelele, hakuna aliyezisikia. Sanduku liliandika kwamba alibonyeza kitufe saa nne na dakika ishirini na moja. Mama Pacha, mhudumu wa chumba cha ulinzi kule chini, aliitikia kengele saa nne na dakika arobaini na moja, akamwita Fundi mbio mbio. Mlango ulipofunguliwa, saa tano kasoro dakika nane, Mpimaji alikuwa ameshakata roho. Daktari alisema angefikiwa ndani ya robo saa, pengine leo wangekuwa wanamcheka kwa usahaulifu wake.

Dakika ishirini. Mama Pacha aliapa kwamba aliitikia kengele ilipolia tu. Hakuna aliyemwamini. Sasa alikuwa mahabusu siku ya nne, pacha wake wa miaka sita wakilala kwa jirani, na kesho asubuhi angesomewa shtaka la kusababisha kifo.

Simu ikaita mkononi. Alikuwa Mkuu wake.

"Sanduku linasemaje?"

"Ni zima, Mkuu."

"Basi tunangoja nini? Jalada nilione mezani kwangu saa tisa. Na usisahau ule ugomvi wao."

Ugomvi wenyewe ulikuwa mdogo wa kuaibisha. Wiki moja kabla, Mpimaji alimshtaki Mama Pacha kwa Meneja kwamba ana mdomo, na Mama Pacha akamjibu mbele ya wageni kwamba pale ni chumba cha ulinzi, siyo baraza la malalamiko. Tangu siku hiyo walinuniana. Kinywani mwa Mkuu, kule kununiana kulikuwa kumeshakua na kuwa sababu ya kumwacha mtu afe. Inspekta alikata simu, akaanza kushuka, na goti likamkumbusha kwamba kushuka ndiyo kubaya zaidi.

*

Chumba cha ulinzi kilikuwa na upana wa kutosha meza moja, kiti kimoja, kompyuta moja na dirisha la vioo linalotazama ukumbi wa kuingilia. Meneja wa jengo alikuwa ameshafika, amenyoosha shati mpaka linakata. Kando yake alisimama mtu wa makamo mwenye kipara na begi mgongoni. Huyo ndiye Mtaalamu, aliyeandika programu yote inayoendesha chumba kile.

"Tumekuandalia kila kitu, afande," alisema Meneja kwa ile sauti ya watu wenye haraka ya kuaminiwa. "Hii hapa kamera ya ukumbini. Mama Pacha aliingia saa nne na dakika tano. Mlango haukufunguliwa tena mpaka alipotoka mbio saa nne na arobaini na moja. Hakwenda chooni wala wapi."

"Labda alisinzia."

"Hata mimi ningependa iwe hivyo." Meneja alitikisa kichwa kwa huzuni, na huzuni yenyewe ilikuwa imenyooshwa kama shati. Akabofya kompyuta. "Huu ni ukurasa wa wageni. Kila mgeni anayefika dirishani anaandikwa hapa, jina na saa. Tazama. Saa nne na kumi na mbili, mgeni. Na kumi na tisa, mgeni. Ishirini na nne, thelathini na moja, thelathini na nane. Mtu aliyelala haandiki wageni. Alikuwa macho, yuko kitini, kengele inalia, na yeye anaandika wageni."

Inspekta aliusoma ule mstari wa saa mara mbili. Ilikuwa hoja nzito, na haikumpendeza hata kidogo. Mhudumu aliyelala angehurumiwa. Mhudumu aliyekuwa macho angefungwa.

"Hao wageni hawakusikia kengele?"

"Wageni wanasikia nini, afande? Mafundi walikuwa wanavunja jengo."

"Waliandikwa, wakapanda?"

"Kwa lifti ya kwanza. Ilikuwa inafanya kazi."

Inspekta akamgeukia Mtaalamu. "Nieleze kengele inavyolia. Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako."

Mtaalamu alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Shangazi yangu ni mkali. Sawa. Kuna ukurasa mwingine hapa, wa lifti." Alibofya jina lililokuwa juu ya kioo, na ukurasa wa wageni ukapisha mchoro wa lifti mbili. "Ukurasa hauna masikio. Kwa hiyo nimeuwekea kipima muda. Kila sekunde unaamka, unauliza sanduku: kuna taa nyekundu? Hakuna? Unalala tena. Mtu akibonyeza kitufe, taa inawaka na inabaki inawaka mpaka lifti itembee."

"Halafu kengele inalia."

"Siyo papo hapo. Zamani ilikuwa papo hapo, na wahudumu walikuwa wanachanganyikiwa, maana watoto wanakibonyeza kwa mchezo kutwa nzima. Lakini mtoto akibonyeza, lifti inaendelea kutembea na taa inazimika. Lifti iliyokwama haitembei. Kwa hiyo nikauambia ukurasa: ukikuta taa, hesabu moja. Sekunde inayofuata ukiikuta bado, hesabu mbili. Ukifika ishirini, huyo si mtoto. Piga kengele."

"Ishirini," alisema Inspekta.

"Sekunde ishirini tu, afande. Haziui mtu."

Neno lile lilitua vibaya mle ndani, na Mtaalamu mwenyewe akalisikia.

Inspekta alimpigia Fundi simu, akamwambia abonyeze kitufe cha lifti ya pili. Wote watatu wakakodolea macho mchoro. Taa nyekundu ikawaka. Sekunde ya ishirini kengele ikalia, kali, ya kumtoa mtu kitini. Walirudia mara tatu, na mara tatu ililia palepale.

"Umeona mwenyewe," alisema Meneja.

Inspekta aliandika kwenye daftari lake: dakika 20, sekunde 20. Akazipigia mstari namba zile mbili. Alikuwa amewahi kuona namba mbili zikifanana kwa bahati tu, lakini si mara nyingi.

*

Mama Pacha aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa peku, viatu vyake vimebaki kaunta. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, na siku nne zilikuwa zimemkausha midomo. Kabla hajaketi aliuliza kuhusu wanawe.

"Wazima. Jirani yako anasema wanakula vizuri," alisema Inspekta. "Mmoja amevunja sahani."

"Huyo ni wa kwanza. Wa pili anavunja vikombe." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Afande, nimeshasema yote. Kengele ililia, nikabonyeza kitufe cha 'nimesikia', nikakimbia. Hilo sanduku lenu limekosea."

"Leo sitaki kengele. Nataka ile nusu saa kabla ya kengele. Nionyeshe mikono yako ilifanya nini."

Mama Pacha alimtazama kama anayetegwa. Kisha akaweka mikono juu ya meza tupu, akakunja vidole juu ya kompyuta isiyokuwepo.

"Naingia. Nakaa. Naangalia ukurasa wa lifti, lifti zote nzima. Nabofya, naleta ukurasa wa wageni. Basi. Nakaa na wageni."

"Na ukurasa wa lifti?"

"Uko nyuma."

"Nyuma ya wageni? Muda wote?"

"Ndiyo agizo, afande. Meneja alibandika tangazo mwezi uliopita, ukurasa wa wageni usiondoke mbele hata dakika moja. Anapita dirishani kuchungulia. Akikuta ule wa lifti, unaandikiwa barua ya onyo."

"Sasa utajuaje lifti imekwama?"

"Kengele si italia?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli. "Hata ukurasa ukiwa nyuma, kengele inasikika. Sikio halihitaji kioo."

Inspekta alifunga daftari. Alitoka pale kwa mwendo ambao goti lake halikuwa limeuona tangu ujana.

*

Saa saba kasorobo walikuwa wamerudi chumba cha ulinzi, na Meneja hakuwa tena na adabu nyingi.

"Nina jengo la kuendesha, afande."

"Nami nina jalada la saa tisa. Mtaalamu, leta wageni mbele. Lifti iende nyuma."

Mtaalamu akabofya. Inspekta akamwambia Fundi kwa simu: bonyeza. Wakangoja, macho yao yakiwa kwenye orodha ya wageni. Sekunde ya ishirini na moja, kengele ikalia kutoka nyuma ya ukurasa, kali kama mwanzo.

Meneja akashusha pumzi kwa sauti. Hata Mtaalamu aliyekuwa amejikunyata akanyooka mgongo. Inspekta peke yake ndiye aliyebaki palepale, mikono kiunoni, akitazama ile orodha. Alikuwa ameumia, na hakuona haya kuonekana ameumia. Alitaka Mama Pacha awe mkweli, na alijua kwamba kutaka ni ugonjwa mbaya kwa mpelelezi.

Aliirudia ile nusu saa taratibu, kama mtu anayehesabu chenji. Ameingia saa nne na dakika tano. Ametazama lifti. Ameleta wageni. Mpimaji amebonyeza saa nne na ishirini na moja.

"Sisi tumeuficha ukurasa, tukabonyeza papo hapo," alisema. "Siku ile haikuwa papo hapo. Ulikaa nyuma dakika kumi na sita bila mtu kuutazama, ndipo kitufe kikabonyezwa. Tutafanya hivyo hivyo."

"Kuna tofauti gani?" aliuliza Meneja.

Mtaalamu hakuuliza. Alitua begi lake chini polepole, akaliegemeza kwenye mguu wa meza kwa uangalifu mwingi, kama vile kulikuwa na vyombo ndani.

"Sema," alisema Inspekta.

"Tujaribu kwanza, afande. Naomba niwe nimekosea."

Lifti iliwekwa nyuma saa saba kamili. Wakaketi: Meneja kwenye kiti pekee, Mtaalamu kwenye ukingo wa meza, Inspekta juu ya ndoo ya zimamoto iliyokuwa pembeni. Mjumbe mmoja alifika dirishani na kifurushi, Mtaalamu akamwandika kwenye ukurasa wa wageni. Inspekta alivuta kitabu cha zamu kutoka rafuni, kile cha karatasi ambacho wahudumu huandika yaliyotokea, akaanza kukifungua kutoka nyuma kwenda mbele.

Saa saba na dakika kumi na sita alimwambia Fundi: "Bonyeza."

Sekunde ishirini zikapita, chumba kimya. Sekunde thelathini. Dakika nzima.

Meneja alitazama saa yake ya mkononi, akatazama kompyuta. "Labda Fundi hajabonyeza."

Inspekta aliweka simu katika sauti ya juu. "Fundi, umebonyeza?"

"Nimebonyeza, afande. Taa inaniwakia usoni."

"Baki hapo."

Dakika ya nne Meneja aliinuka, akasema ana simu ya kupiga. "Kaa," alisema Inspekta, bila kupandisha sauti, naye akakaa. Dakika ya saba mgeni mwingine akaandikwa. Dakika ya tisa Mtaalamu alifunika uso kwa viganja. Dakika ya kumi na moja sauti ya Fundi ilitoka kwenye simu, ndogo, imechoka: "Afande, bado? Nibonyeze tena? Humu ndani kuna joto." Na mlango wa lifti ya Fundi ulikuwa wazi kabisa.

Dakika ya kumi na tano ikafika, ile ya daktari, ikapita. Inspekta aliisikia inapita. Hakuna kitu kilichotokea, na hilo ndilo lililokuwa la kutisha: kiti, meza, orodha ya wageni, mwanga wa mchana dirishani, na mtu anabonyeza.

Kengele ililia baada ya dakika kumi na tisa na sekunde thelathini na tatu. Meneja aliruka kitini.

*

"Nieleze," alisema Inspekta. "Kwa lugha ya shangazi."

Mtaalamu aliongea huku akitazama sakafu. "Kivinjari, ile programu inayofungua kurasa, kina tabia ya kubana matumizi. Ukurasa usiotazamwa kinaunyima nguvu. Mwanzoni kinauacha uendelee. Ukikaa nyuma dakika kadhaa, kinasema huyu hana anayemhitaji. Kipima muda kilichoomba kuamshwa kila sekunde, sasa kinaamshwa mara moja tu kwa dakika."

"Na wewe ulikiambia kihesabu ishirini."

"Kihesabu kuamka ishirini. Nikaziita sekunde." Akalisogeza begi lake kwa mguu. "Nilitakiwa kuuliza saa, afande. Mstari mmoja tu: taa imewaka tangu saa ngapi? Basi. Hata kingeamshwa mara moja kwa dakika, kingejua kwamba muda umepita, kingepiga kengele palepale. Nimewafundisha watu jambo hili. Nimewakosoa watu kwa jambo hili."

"Hukujaribu?"

"Nilijaribu mara mia. Lakini kila nilipojaribu nilikuwa nautazama."

Inspekta aliandika neno kwa neno, akamsomea, akampa asaini. Mkono wa Mtaalamu ulisaini bila ubishi. Alikuwa na kosa na alilibeba, na Inspekta alimheshimu kwa hilo, ingawa hakumwambia.

Meneja alikuwa ameanza kunawa mikono. "Kwa hiyo ni kosa la programu. Jambo la kusikitisha sana. Uongozi haukuwa na namna ya kujua."

"Hebu nisaidie kusoma hapa." Inspekta alifungua kitabu cha zamu mahali alipokuwa ameweka kidole tangu dakika ya nane. "Macho yangu siku hizi hayapendi mwandiko wa mkono."

Meneja alitazama, hakusoma. Akasoma Inspekta mwenyewe. Ilikuwa wiki tatu nyuma, zamu ya alasiri, mwandiko mkubwa wa mzee aliyejifunza kuandika ukubwani: "Lifti ya kwanza imekwama na dada wa ghorofa ya pili. Kengele imechelewa kulia, dada anasema kabonyeza zamani sana. Mimi nilikuwa naandika wageni. Nimemwambia Meneja kengele inachelewa tangu tangazo. Nimeonywa kwa kusinzia. Sikusinzia."

"Huyu mzee yuko wapi?"

"Aliachishwa kazi." Meneja alijilamba midomo. "Alikuwa na kawaida ya kusinzia, afande. Kila mtu anajua."

"Mtaalamu, uliambiwa habari hii?"

"Nani aniambie?" Mtaalamu aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza alikuwa na hasira. "Ningeijua siku hiyo hiyo. 'Tangu tangazo.' Maneno mawili! Ningeirekebisha nikiwa nimesimama!"

"Nisingeweza kumsumbua mtaalamu kwa maneno ya mlinzi anayesinzia," alisema Meneja.

"Ulikuwa unaweza," alisema Inspekta. "Simu yake unayo. Mwenyewe kaniambia leo umempigia mara tatu kumuuliza kama kuna lolote litakalokugusa." Alimgeuzia ukurasa mpya wa daftari. "Sasa tuanze. Jina la huyo mzee, na lini ulimwonya. Usiruke kitu, nina mpaka saa tisa."

Mkuu alilipokea jalada saa tisa kasoro dakika tano. Alilisoma amesimama, akaketi, akalisoma tena. Aliuliza swali moja tu, kama lile jaribio lingeweza kurudiwa mbele ya hakimu. Inspekta alisema linaweza, ila hakimu awe na subira ya dakika thelathini na sita. Mkuu akachukua kalamu, akasaini amri ya kumwachia Mama Pacha.

*

Alimkuta kaunta, ameketi kwenye benchi, akivaa viatu. Askari wa zamu alikuwa amemwambia kwamba ameachiwa, lakini hakumwambia kwa nini. Inspekta akaketi kando yake na kumweleza yote: ukurasa uliofichwa, kipima muda, kuhesabu kuamka badala ya kuhesabu sekunde, na yule mzee aliyeachishwa. Alimweleza vizuri, kwa sababu alikuwa na furaha, na furaha ilimfanya awe mwepesi wa maneno. Akamwambia hakuna mtu duniani atakayemwita mwongo tena.

Mama Pacha alisikiliza akiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Kwa hiyo sanduku halikukosea," alisema.

"Halikukosea. Na wewe hukukosea."

"Mimi nilikuwa nasema limekosea." Alikiweka kile kiatu mapajani. "Siku zote nne, afande. Nilikuwa najiambia mzee wa watu kabonyeza, mimi nikasikia, nikakimbia, nikamkuta ameshaondoka. Dakika moja, mbili. Nilikuwa nasema hizo dakika ishirini ni uongo wa mashine."

Inspekta aliinama, akakitazama kile kiatu. Furaha ilikuwa imemtoka yote.

"Wageni niliowaandika," aliuliza Mama Pacha. "Walikuwa wangapi, yeye akiwa anabonyeza?"

Askari wa kaunta aliacha kuandika. Inspekta angeweza kusema hakumbuki. Lakini mwanamke huyu alikuwa ameitwa mwongo siku nne kwa kusema kweli, na hakustahili kupewa uongo wa kumsindikizia nyumbani.

"Watatu."

Mama Pacha alitikisa kichwa taratibu, akiwatafuta mmoja mmoja. "Mwenye vigae. Halafu yule kaka mwenye kofia kubwa." Akakivaa kiatu cha pili, akafunga kamba, akaifungua, akaifunga tena. "Yule wa kofia aliniambia kichekesho, afande. Nilicheka mpaka nikaegemea meza."